Deki ya CD tano: kuinunua, kuifunga, na kuokoa mikanda ya harusi iliyolala kabatini

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho wengi wenu mnakipita kila siku sebuleni kwa wazazi bila hata kukitupia jicho. Ni lile kabati lenye CD. Humo ndani kuna kicheni pati ya dada, sendofu ya shangazi, kipaimara chako mwenyewe ukiwa na suti iliyokuzidi, na kwa familia nyingi kuna mkanda wa mazishi wa mtu ambaye sauti yake haipo mahali pengine popote duniani. Deki ya kuzichezesha ilishakufa zamani, pengine wa vyuma chakavu alishaibeba. Na CD zenyewe nazo zinakufa, taratibu, bila kupiga kelele.

Najua mtu ataniuliza: bwana we, zama za YouTube hizi, deki ya nini? Jibu langu ni fupi. Harusi ya shangazi yako haipo YouTube. Ipo kwenye CD tano zilizoandikwa kwa maka peni, na ili uzione lazima uwe na mashine ya kuzisoma. Ndio maana mimi bado nina deki ya kupakia CD tano kwa mpigo, na ndio maana naandika.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. DVD ziliingia sokoni Japani Novemba 1996, Marekani zikafika Machi 1997. Kwetu Bongo tulitangulia kuzoea VCD, ambayo ni CD ya kawaida iliyowekewa video. CD moja ya VCD inabeba dakika 74 au 80 tu, kwa hiyo filamu moja ilikuja kwenye CD mbili, na katikati ya mapigano mtu anainuka kwenda kubadilisha huku wote mnamzomea. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, saa mbili za picha safi zinaingia bila shida. Pamoja na hayo filamu zetu za Bongo ziliendelea kuuzwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2, kila moja na kasha lake na bei yake. Hilo halikuwa suala la ufundi, lilikuwa biashara. Tulikuwa tunauziwa mlango na fremu yake kwa bei tofauti, na tukanunua.

Wapiga picha wa harusi nao walifuata mkondo huo huo. Kicheni pati CD yake, sendofu yake, kanisani au msikitini yake, ukumbini sehemu ya kwanza, ukumbini sehemu ya pili. Hesabu mwenyewe: tano. Ukiwa na deki ya CD tano unazipanga zote, unabonyeza kitufe cha kucheza zote, na familia inakaa kuanzia mchana mpaka jioni bila mtu kusimama. Kama una msiba au sherehe na ndugu wamejaa sebuleni, hicho si kitu kidogo.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi? Ndani kuna meza ya duara yenye vitanda vitano, mfano wa ile meza ya kuzunguka ya hotelini. Watu wengi wanadhani kuna lenzi tano. Hapana, lenzi ni moja tu. Mota inazungusha meza mpaka CD uliyoichagua ikae juu ya lenzi, kisha kidude kinainuka kuibana CD kwa katikati na kuizungusha. Baadhi ya deki zinakuruhusu kufungua trei na kubadilisha CD nyingine wakati moja inaendelea kucheza, raha sana. Zilikuwepo pia za majigambo: Sony walitoa deki za DVD zinazopakia CD 400, na mwaka 2009 wakatoa BDP-CX960 ya Blu-ray, nayo CD 400. Ukiiona ya aina hiyo kwenye mtumba ipige picha, kisha endelea na safari yako. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na ukishajaza CD 400 utasahau nini kiko wapi.

Sasa kununua. Mpya dukani usihangaike, soko la CD limeshapoa dunia nzima. Netflix wenyewe, walioanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, waliifunga huduma hiyo Septemba 29, 2023. Kwa hiyo utapata used, na used zipo: Kariakoo, kwenye maduka ya mitumba ya vifaa vya umeme, na kwa watu wanaohama. Ya kwangu ni ya kutoka Ulaya, pamoja na spika zake sita nililipa Sh 85,000. Muuzaji alianzia mbali zaidi, tukasumbuana mpaka akachoka.

Kabla hujatoa hela, geuza mashine utazame mgongoni. Kuna kibandiko kinachosema inakula umeme wa volti ngapi. Umeme wetu ni volti 230. Deki ya Ulaya inakubali moja kwa moja. Deki ya Japani imetengenezewa volti 100, ya Marekani 120. Kama kibandiko kinasema 100-240 huna wasiwasi, inajirekebisha. Kama kinasema 100 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma nzuri inaweza kukugharimu zaidi ya deki yenyewe. Jirani yangu mmoja aliuziwa ya Japani, muuzaji akamwambia, "Kaka, hii kazi yako kuchomeka tu." Akachomeka. Sekunde mbili, harufu ya kuungua nyumba nzima, na mkewe akafungua madirisha bila kusema neno. Muuzaji alipofuatwa kesho yake alisema alimaanisha kuchomeka kwenye transfoma.

Jambo la pili, nenda na CD zako tatu: DVD ya dukani, DVD iliyochomwa na mtu (kama ile ya harusi), na CD ya muziki. Sababu ni hii. Deki ya DVD ina miale miwili ya leza, mmoja wa kusoma DVD na mwingine wa kusoma CD, na kila mmoja unachoka kwa wakati wake. Unaweza kukuta deki inacheza DVD vizuri kabisa lakini VCD na CD za muziki inazitema zote. Muuzaji atakuwekea DVD yake moja inayong'aa, picha itatoka, utaondoka unachekelea. DVD za kuchoma ndizo mtihani wenyewe, kwa sababu hazirudishi mwanga vizuri kama za kiwandani, na lenzi iliyochoka inaanza kushindwa hapo.

Kisha weka CD kwenye vitanda vyote vitano na zungusha mpaka kila moja ichezwe. Fungua na kufunga trei mara kumi hivi, muuzaji akinuna mwache anune. Trei ikisita au ikihitaji kusukumwa na kidole, mara nyingi ni mkanda wa mpira ndani umekauka na kulegea. Huo si ugonjwa wa kukutisha, fundi yeyote wa redio anaubadilisha kwa hela ndogo, ila utumie kushusha bei. Rimoti nayo usiiache. Deki nyingi za aina hii huwezi kuingia kwenye menyu ya mipangilio bila rimoti, na bila menyu utaishia kuona picha ya rangi mbili kama ya enzi za mkoloni.

Usidanganywe na wati. Kwenye boksi au usoni mwa mashine utaona imeandikwa wati 1000, wengine bila aibu wanaandika 5000 na herufi PMPO pembeni. Geuza tena ile mashine, tazama inakula wati ngapi. Kama inakula wati 120, haiwezi kutoa muziki wa wati 1000 mfululizo, umeme wa bure hautoki mbinguni. Tafuta namba ya RMS, hiyo ndiyo yenye ukweli. Na kama unanunua ile ya seti nzima yenye sabufa, chukua na spika zake zilezile. Mashine hizi hutengenezwa kwa spika zenye ohmu maalumu, nyingi zikiwa na plagi za kipekee, na spika ulizookota kwingine zinaweza kuipasha moto mpaka ijizime.

Haya, umefika nyumbani. Kama ulibeba deki ikiwa na CD ndani, toa CD kwanza kabla ya chochote, maana zikihama vitanda njiani zinakwamisha meza. Plagi ya Ulaya ina miguu miwili ya duara, yetu ni ya miguu mitatu ya bapa. Nunua adapta. Ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ya Bic ili plagi iingie, wote tunaifahamu, naomba ife na kizazi chetu.

TV ya chogo ni rahisi: waya wa njano ni picha, mweupe ni sauti ya kushoto, mwekundu ni sauti ya kulia. Rangi kwa rangi, basi. TV za flati ndiyo zinachanganya watu. Kama deki yako ina tundu la HDMI, tumia hilo na ruka aya hii. Kama haina, tazama nyuma ya TV. Nyingi hazina tundu la njano peke yake. Limeunganishwa na la kijani, na ukichungulia vizuri utaona pameandikwa AV au Video pembeni yake. Chomeka njano kwenye kijani, kisha kwa rimoti ya TV chagua AV. Nyingine zimebaki na kitundu kimoja kidogo kama cha hedifoni, kinachohitaji waya wa kugawanya. Nunua ule wa TV yako, maana mpangilio wa ndani haufanani, na ukichukua wowote unaweza kusikia mngurumo badala ya sauti na kuona giza badala ya picha. Jaribu kubadilishana njano na nyekundu kabla hujamlaumu fundi.

Picha imetoka lakini haina rangi, au inapanda na kushuka? Ingia kwenye menyu utafute PAL na NTSC. Kwetu na Ulaya tulitumia PAL, yenye mistari 576 ya picha; Marekani na Japani NTSC, mistari 480. Weka Auto kama ipo, la sivyo PAL. Watu wakionekana warefu na wembamba kama milingoti, tafuta sehemu ya aina ya TV: chogo ni 4:3, flati ni 16:9. Ila harusi nyingi za zamani zilipigwa kwa 4:3, kwa hiyo kwenye flati zitakuwa na weusi pembeni. Acha hivyo hivyo. Ukizivuta kujaza kioo unamnenepesha bibi harusi, na atakuuliza.

Sauti ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Filamu za Hollywood kwenye DVD zina njia sita za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma, na ya sabufa. Maneno ya waigizaji karibu yote yanapita spika ya katikati. Kama spika hiyo imekufa au hukuifunga, utasikia magari, milio ya risasi na muziki mkubwa, lakini watu wanaongea kama wako ndani ya mtungi. Watu wanapandisha sauti, bomu likilipuka jirani anagonga ukuta. Dawa ni menyu: kwenye mpangilio wa spika, sehemu ya Center weka None, na deki itayahamishia maneno kwenye spika za kushoto na kulia. Kama hutumii spika za deki kabisa, sauti inatoka kwenye TV, chagua PCM au stereo badala ya Bitstream.

Kinyume chake, ukiweka mkanda wa harusi au filamu ya Bongo ukakuta spika za nyuma ziko kimya, usifungue deki. Nyingi zilirekodiwa kwa njia mbili tu. Ukitaka zote ziimbe bonyeza kitufe cha Pro Logic kwenye rimoti, mashine itagawa yenyewe. Mimi kwa harusi huwa naacha mbili, kwa sababu kelele za ukumbini zikikuzunguka pande zote unaumwa kichwa.

Kuna pia mambo ya kanda. Dunia ya DVD iligawanywa: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini ni 2, sisi Afrika Mashariki tuko 5 pamoja na India na Urusi. Ndio maana ndugu aliyepo Muscat akikuletea deki ya huko, inaweza kuikataa filamu halali ya kanda ya 5, na mtu akadhani ni mbovu. Tazama namba iliyo ndani ya alama ya dunia mgongoni. Ikiwa ALL inacheza zote. Habari njema ni kwamba CD za harusi hazina kanda.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Harusi ya shangazi yangu ilikuwa 2006, CD tano kama nilivyosema. Kwenye ya nne bibi yetu anapewa kipaza sauti, anakataa, anapewa tena, kisha anazungumza na bwana harusi kwa dakika sita hivi, ukumbi mzima kimya. Bibi alifariki 2009. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake. Deki ilipowekwa, CD ya nne ilicheza mpaka bibi akamaliza, lakini karibu na mwisho picha ikaanza kuganda, vipande vya rangi vikatawanyika, na kwenye kutoa zawadi ikasimama kabisa. Shangazi alikuwa amekaa mkekani. Akasema tu, "Rudisha pale kwa mama."

Mwisho ndio unaotangulia kufa, na ina sababu yake. DVD ya kuchoma huandikwa kuanzia ndani kuelekea ukingoni, na ukingoni ndiko vidole vinaposhika na ndiko hewa na unyevu vinapoanzia kuingia. DVD ni vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na ushee vilivyogandishwa, data iko katikati, na kwenye zile za kuchoma data yenyewe ni rangi tu iliyounguzwa na leza. Jua la dirishani linaififisha. VCD na CD za muziki zina udhaifu mwingine: data iko karibu na upande wa juu, chini ya maandishi, kwa hiyo mkwaruzo kwenye lebo unaiua hata kama chini kunang'aa. Ukisafisha tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda nje moja kwa moja, usizungushe.

Kwa hiyo deki itumie kutazama na kujua ipi inaumwa, kisha zinakiliwe upesi. Kompyuta nyingi mpya hazina mlango wa CD, lakini kafe nyingi bado zina zile za mezani zenye nao, ulizia mhudumu. Fungua CD, utaona folda inaitwa VIDEO_TS. Ndani yake kuna mafaili ya VOB, kila moja halizidi GB 1. Usinakili folda zima kwa mkupuo kama CD inasumbua. Nakili faili moja moja, ili likigoma moja ujue ni lipi na mengine yawe salama. Lililogoma lijaribu kwenye kompyuta nyingine, maana lenzi hazifanani macho: ya nne ya kwetu ilisomeka hadi mwisho kwenye kompyuta ya tatu. Flashi ya GB 32 inachukua DVD sita zilizojaa, na ukifungua kwa VLC zinacheza bila kubadilisha chochote. (CD za dukani zina kufuli na zina wenyewe; hapa naongelea mikanda yenu ya nyumbani.) Kabla hujaichomeka flashi kwenye kompyuta ya nyumbani, ipige antivirusi, kafe zetu mnazijua.

Folda zipe majina yanayoeleweka: mwaka, harusi ya nani, CD ya ngapi. Nakala ya pili weka kwenye flashi nyingine na umpe ndugu anayeishi mkoa tofauti. CD zenyewe msizitupe, zisimamisheni kwenye makasha kama vitabu, mbali na dirisha, na deki mkiizima chomoeni ukutani, maana umeme ukikatika hurudi na nguvu zake.